Kondoo wa Kupeleka Myanga

Skuta ya Bashir ilikuwa ndogo mpaka watoto wa mtaa wa Matisi wakaipa jina la Mbuzi. Magurudumu yake yalikuwa kama sahani, na taa yake moja ilitazama pembeni kama jicho la mtu mwenye makengeza. Bashir aliiokota vipande vipande kwa gereji ya mjini Kitale alikofanya kazi, akaiunganisha polepole. Siku iliponguruma mara ya kwanza, jirani yao Jepchirchir alitoka nje na mwiko mkononi akauliza ni nani huyo ameanza kusagisha mahindi bila kuambia watu.

Hakuna mtu alidhani Mbuzi hiyo itaenda siku moja mpaka Myanga, huko chini Bungoma.

Lakini asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na sita, mvua ikiwa imenyesha mpaka kuku wamechoka, Wepukhulu aliingia uani akiwa na matope mpaka kwa magoti. Alikuwa ndugu mdogo wa Nanyama, mke wa Bashir. Alikaa juu ya kigogo bila kusalimia vizuri, na dada yake akajua. Mtu hatembei hivyo kwa sababu ya habari njema.

"Papa ameacha kula," Wepukhulu akasema. "Ni maji tu, tena kwa kijiko. Lakini akili bado iko. Amesema uje."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo yake. Amesema, 'Leteni Nanyama na kondoo yake, nitoe hii neno kabla sijaenda nayo.'"

Nanyama akakalia kizingiti. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwa tumbo, ambalo lilikuwa limeanza kuonekana.

Neno lenyewe Matisi yote haikulijua. Lilijulikana Myanga, kwao Nanyama. Siku Nanyama alipokimbilia kwa Bashir, mtoto wa Mnubi, Mwislamu, mtu ambaye hata baba yake hakuna aliyemjua kule, baba yake Nanyama, mzee Mukhisa, alisimama kwa mlango wa boma mbele ya watu akasema, "Huyu azae. Lakini asilee."  Aliingia ndani akafunga mlango.

Na Nanyama akazaa. Wa kwanza alikaa siku chache tu, akapoa usiku kama uji uliosahauliwa. Wa pili hakulia hata. Wote wawili walikuwa wamelala nyuma ya msikiti wa mji. Sasa alikuja huyu wa tatu.

Kwao neno la baba halitolewi na daktari, wala padri, wala sheikh. Aliyefunga ndiye anafungua. Akifa kabla hajafungua, fundo linashuka na yeye kaburini, na nani atafukua? Tena halifunguliwi mikono mitupu. Linataka kondoo, na si kondoo wa kununua sokoni njiani. Ni kondoo aliyekulia kwa mume, akalala kwa mume, akala majani ya pale neno lilipofikia. Kwa hiyo baada ya kumzika yule wa pili, Nanyama alimwambia Bashir wafuge kondoo mmoja dume. Bashir hakuuliza mengi. Alimjengea kondoo kibanda cha mabati, na kila jioni alirudi kutoka gereji na majani mabichi kwapani. Wakangoja mzee aite.

Sasa ameita.

"Basi haziendi," Wepukhulu akasema. "Mto umebeba daraja huko kabla ya kufika Misikhu. Watu wanavuka kwa magogo, mmoja mmoja. Mimi nimetembea kutoka pale. Na treni ya kuzunguka Eldoret, mpaka ifike Bungoma papa atakuwa amechoka kungoja."

Bashir alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono na kitambaa cheusi cha oili. Aliangalia mke wake, akaangalia ile skuta chini ya mabati.

"Skuta inaweza kubebwa juu ya magogo," akasema. "Tutaenda kesho alfajiri."

"Na hiyo?" Wepukhulu akacheka kidogo, ingawa hakuwa na cheko. "Shemeji, hiyo ikifika Kiminini itaomba maji."

"Wewe ngoja."

Siku ile Bashir hakwenda kazini. Aliifungua Mbuzi yote pale uani. Alisugua plagi na msasa mpaka ikang'aa kama jino la dhahabu. Alibadilisha waya ya klachi, akatia viraka kwa tyubu zote mbili, akafunga ya tatu, ya akiba, kiunoni kama mshipi ili asiisahau. Alichanganya petroli na oili ndani ya kopo, akitikisa na kunusa kama mwanamke anayeonja mchuzi. Mwishowe akatengeneza karia ya nyuma kwa mbao na kamba za katani, ndefu ya kumkalisha kondoo akiwa amefungwa miguu. Nanyama angekaa katikati.

Alipomaliza, wakajaribu. Kondoo alifungwa, akapandishwa. Nanyama akapanda. Bashir akapiga teke, Mbuzi ikanguruma, wakashuka mteremko wa Matisi vizuri, watoto wakikimbia nyuma.

"Kondoo imepanda cheo!" Jepchirchir akapiga kelele kutoka kwa boma yake. "Sisi wengine tunatembea kwa miguu, bana!"

Kurudi ndiko kulikuwa shida. Kwa mlima Mbuzi ilikohoa, ikarudi nyuma, gurudumu la mbele likainuka juu kama farasi. Kondoo akalia, akajitupa upande, na wote watatu wakalala kwa matope.

Bashir aliruka akamshika mke wake kwanza. "Umeumia? Tumbo?"

"Hapana. Niinue tu."

Wakajaribu tena, kondoo akiwa mbele, miguuni pa Bashir. Ilikuwa vilevile. Nanyama akashuka, na Mbuzi ikapanda na kondoo bila shida. Kondoo akateremshwa, na Mbuzi ikapanda na Nanyama bila shida. Wote pamoja, haikubali.

"Basi kondoo aende na mimi, dada abaki," Wepukhulu akasema.

"Papa atamfungua nani, wewe?" Nanyama akamwuliza. "Na ukimtembeza kwa miguu mpaka kwetu utakuta wamemaliza kulia."

 Bashir alikuna kidevu chake, akizungukazunguka ile skuta. Alikuwa fundi, na fundi haamini kuwa kitu kimekataa mpaka akifungue mara ya pili.

Mchana Wepukhulu alilala kama gogo, maana miguu yake ilikuwa imevimba. Nanyama akachukua mahindi akaenda kusagisha unga wa safari, kwa sababu huwezi kufika kwa mgonjwa ukaanza kula chakula chake. Foleni ilikuwa ndefu. Alirudi jua likiwa limeinama, kikapu kichwani, na kabla hajafika mlangoni alisikia harufu ya damu.

Ngozi ya kondoo ilikuwa imewambwa chini kwa vijiti, manyoya yakiangalia ardhi. Nyama ilining'inia kwa kamba, imekatwa vizuri, imepakwa chumvi. Kwa karai matumbo yalikuwa yameoshwa mpaka yakawa meupe kama nguo ya Idi. Bashir alikuwa amechuchumaa karibu, mikono mitupu, anatabasamu. Kutabasamu kwake hakukuwa kwa kila siku.

"Nimemaliza hesabu ya uzito," akasema. "Nimechinja vizuri, nimeelekea kibla, nimesoma. Kichwa nimekiacha, kwato nimeacha, uchafu wa tumbo nimetoa wote. Sasa ni mzigo mdogo. Tutampelekea baba yako kondoo wake mzima, na hataona hata unyasi mmoja."

Nanyama aliteremsha kikapu polepole. "Uchafu wa tumbo umeweka wapi?"

"Si nimemwaga kwa choo? Nimemwaga maji juu, hakuna inzi."

Nanyama hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, miguu imenyooka mbele yake kama ya mtoto.

Wepukhulu alitoka ndani akijinyoosha. Akaona ngozi, akaona karai, akaona uso wa dada yake. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Shemeji! Umefanya nini? Umetupa dawa, umebaki na mboga!"

"Dawa gani?"

"Hayo majani ya tumboni! Ndiyo papa anashika na mkono, anampaka dada kwa kifua na tumbo, akisema maneno ya kufungua. Kondoo inachinjwa mbele yake, na mtu ya kwetu. Nyama ni ya wazee kula tu. Sisi tungekosa nyama?"

Bashir alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka kama udongo wa Januari. Hakumtazama Wepukhulu, alimtazama mke wake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kondoo."

"Na kondoo si ndiye huyu!"

"Ningesemaje?" Sauti ya Nanyama ilikuwa ndogo. "Wewe unatawadha mara tano kwa siku. Ningekuambia baba yangu atanipaka mavi ya kondoo, ungesemaje?"

 "Ningebeba," Bashir akasema. "Ningeibeba hata kwa kofia yangu."

Alienda chooni na koleo. Walimsikia akichokora, akikohoa, akichokora tena. Mvua ikaanza. Alirudi mikono mitupu, akanawa kwa muda mrefu, zaidi ya haja.

Alfajiri waliondoka hivyohivyo, kwa sababu baba ni baba, na ameita. Nyama ilifungwa ndani ya turubai nyuma ya Nanyama. Wepukhulu akafuata kwa miguu. Mbuzi haikuwaangusha hata mara moja. Ilipita Kiminini bila kuomba maji, ikabebwa juu ya magogo na vijana wanne waliokuwa wanavusha watu, ikapita Misikhu wakati wenye soko wanapanga ndizi, na watu wakasimama kuiangalia.  Kwenye kila shimo Bashir alipunguza mwendo, akinyoosha mkono nyuma kumshika mke wake, kama mtu anayebeba maziwa.

Walifika Myanga mzee angali hai.

Bashir alibaki nje na skuta, maana mkwe haingii kwa mgonjwa hivihivi. Nanyama aliingia peke yake na mzigo. Baba yake alikuwa amebaki ngozi na macho. Kando yake alikaa Absalom, ndugu mdogo wa mzee, mtu wa kanisa ambaye hata hivyo alikuwa ameacha Biblia kwake leo na kuja na kisu.

"Mayi, umekuja," mzee Mukhisa akasema. Alimwita mama, kama alipokuwa mdogo. "Nimesikia kitu inanguruma, nikajua ni nyinyi. Kondoo iko wapi?"

Absalom akafungua turubai. Akaangalia nyama, akanusa chumvi. Akageuza kila kipande, halafu akageuza turubai yenyewe, akitafuta.

"Nani amechinja?"

"Mume wangu. Pikipiki ilikuwa ndogo, haikutuweza sote."

"Na tumbo?"

 Nje, Bashir alikuwa anagongagonga kitu kwenye skuta ambacho hakikuwa kimeharibika.

"Kateni ingine ya hapa," mama mmoja akasema kutoka pembeni.

Absalom akatikisa kichwa. "Kondoo ya hapa inafungua neno ya hapa. Hii neno ilitoka hapa ikaenda Kitale. Huko ndiko inakaa."

Mzee alinyoosha mkono. Nanyama akausogelea, ukamgusa shavuni. Ulikuwa mwepesi kama ganda la mahindi.

"Mimi nilikusamehe tangu mtoto ya kwanza," akasema. "Niliona aibu kuita. Mtu mzima akitema mate hapendi kuonekana ameinama kuyaokota."

"Basi sema, papa. Sema tu na mdomo."

"Ningesema." Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, hakuwa na nguvu ya kuyafuta. "Kusamehe ni ya roho, mayi. Kufungua ni ya mikono. Nikisema bure, nitakudanganya, na wewe utajua nimekudanganya. Iko ingine kwenu?"

"Alikuwa mmoja tu."

"Ingefungua ni hiyo moja," mzee akasema, akageuza macho kwa paa.

Alikata roho kabla ya ng'ombe kurudi. Wanawake wakapiga kelele, na kelele ikaenda boma hadi boma. Nyama ya Bashir ilipikwa kwa wageni waliokuja kulia, na waliisifu. Walisema ni laini, walisema huyo mkwe anajua kuchinja.

Nanyama alikaa nyuma ya nyumba, mgongo kwenye ukuta. Bashir alikuja akakaa karibu naye, akiacha nafasi kidogo kwa heshima ya kilio.  Mikono yake ilinuka petroli na sabuni.

Pale ndipo mtoto alipocheza tumboni, mara ya kwanza. Alipiga kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Nanyama aliweka mkono. Mtoto akapiga tena, palepale.

Akautoa mkono upesi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, asije akamzoea.