Zamu ya Kumbeba Kudura

Jumanne asubuhi, mtaa wa Kamunyonge, Musoma, Mwamvita alikuwa anamsugua binti yake Kudura midomo kwa limau na sabuni ya mche. Mumewe, Hamduni, fundi cherehani, alishona kaniki, ile nguo ya buluu nzito, tangu miaka ya vita, na kaniki mpya huchuja. Mle ndani kila kitu kilikuwa na buluu: mito, paka, hata ndevu za Hamduni. Kwa hiyo midomo na kucha za Kudura zilipokuwa za buluu tangu ananyonya, hakuna aliyehangaika. Walimsugua tu. Miaka minne, jamani, wanamsugua mtoto wa watu.

Akikimbia hatua kumi alichuchumaa, magoti kifuani, anahema. Watu walisema ni mvivu, kachukua kwa baba yake. Hamduni hakulipenda neno hilo.

Siku hiyo, baada ya chai, Mwamvita alimbeba mgongoni kwenda mwaloni, wanakoshushia samaki ziwani, kununua sato. Walipofika, Kudura aliteremka akafukuza ndege ufukweni mpaka wakaisha, midomo yake myekundu. Mwamvita akatazama kucha zake mwenyewe, akaona buluu. Kifua kilimbana, akachuchumaa kati ya ndoo za samaki. Magharibi ilipoingia, buluu ilirudi kwa mwenyewe, Kudura. Mwamvita akatupa limau.

Mtaa ule ulizoea zamu, zamu ya kuteka maji, zamu ya kulala matangani, basi wakaongeza na hii. Aliyembeba Kudura baada ya chai ya asubuhi alishinda na buluu, na mtoto akacheza. Jumatatu alikuwa Mwanaupe, muuza vitumbua, ambaye siku hiyo aliuza amechuchumaa. Ijumaa alikuwa Hamduni, na kwa zile ndevu hakuna aliyeona tofauti. Jumapili baada ya misa alikuwa Stanislausi, mtu wa Butiama, dresa, mfunga vidonda wa hospitali.

Tatizo, buluu ilianza kuwahi kurudi kwa mtoto. Ilitoka magharibi ikaja saa kumi na moja, kisha saa kumi. Mwamvita hakukaa tena kitako. Alikula amesimama, alisali na jicho moja mlangoni. Alisema wazi kwamba siku buluu itakapokataa kumtoka mtoto hata asubuhi, atamzika.

Stanislausi akawapeleka kwa daktari, Mzungu mwembamba asiyependa maneno mengi. Daktari alimtazama Kudura akichuchumaa, akaweka mpira masikioni, akasikiliza kifua muda mrefu. Stanislausi alitafsiri. Moyo una tundu, na mshipa wa kupeleka damu mapafuni umebana. Kazaliwa hivyo, kaniki haina kosa. London siku hizi wanafungua kifua cha mtoto wa namna hii, wanaunga mshipa, na mtoto anatoka hapo mwekundu.

Daktari aliandika barua kwa wakubwa, kuomba Kudura apelekwe London. Ikajibiwa baada ya wiki sita kwamba watoto wa Kiafrika hawamo kwenye utaratibu wa safari hizo. Daktari aliisoma mara mbili. Halafu akauliza Jumatano ni zamu ya nani.

Jumatano Mwamvita alimfunga Kudura kwa kanga mgongoni mwa daktari, naye akazunguka wodi na mtoto, kisha akamshusha. Saa nne daktari alikuwa wa buluu, anaandika dawa amechuchumaa chini ya meza. Saa tano Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipita kuchukua kwinini, akamwona. Simu ya maandishi ilipigwa papo hapo. Saa nane ndege ndogo kutoka Nairobi ilitua kumchukua, apelekwe hadi London. Daktari aliwaeleza waliokuja nayo kwamba ugonjwa si wake, ni wa mtoto yule pale anayeruka kamba. Wakamwambia amechoka, wakampakia.

Mwamvita alikimbia amemshika Kudura mkono mpaka uwanja wa ndege. Alimwambia rubani, kwa Kiswahili ambacho rubani hakukijua, kwamba amebeba asiyeumwa. Ndege ikaondoka saa tisa. Saa kumi kasoro kidogo, Kudura aliacha kuruka, akachuchumaa.

Barua ya daktari ilifika mvua za vuli zilipoanza. Stanislausi aliisoma barazani, Hamduni amesimamisha cherehani. Huko London walimpima siku tisa, hawakuona kitu. Walimwonyesha chumba na meza ya kupasulia. Bingwa wa kupasua alimuuliza mgonjwa yuko wapi. Akamjibu, Musoma. Basi yule bingwa akanawa mikono, akaenda kula.

"Ndege inarudi lini?" Mwamvita aliuliza.

Stanislausi aligeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na maandishi.

"Hajasema, Mama Kudura."

"Huwa wanarudiga, hawa?"

Stanislausi alikunja barua.

Ilikuwa Jumatatu. Mwanaupe aliweka sinia la vitumbua chini, akainama, na Mwamvita akamfunga mtoto mgongoni mwake, akakaza fundo. Kudura alidai ateremshwe upesi akacheze. Siku hizo buluu ilikuwa inarudi saa nne asubuhi, na saa tatu ilishapiga.