Kikapu chenye Kitako

Mwamvua aliombwa asuke vikapu viwili vya kuchezea mpira, naye akasuka vikapu. Alichagua ukindu mweupe, akashona ukili wake taratibu, akatia kitako cha kubeba hata pishi ya mchele, na juu akatia mikono ya kushikia. Miraji, kiongozi wa timu ya mpira wa kikapu ya Kikwajuni, alimwambia "kikapu" tu; nyavu za pete za chuma za kiwanjani zilikuwa zimeoza kwa mvua za masika. Hakumwambia kikapu cha namna gani. Na Mwamvua, miaka yote aliyokuwa mke wa mchezaji, hakuwahi kutia mguu kiwanjani. Alichokijua cha mchezo ule ni goti la mumewe Matar, alilolikanda kila jioni kwa mafuta ya nazi.

Goti hilo ndilo lililoleta maneno. Timu ya Shangani ilikuwa imewaleta wakongwe kutoka Mombasa, watu waliokwisha kubobea. Miraji hakuwa na wa kumleta, akaamua kumwingiza Silima, kijana wa Makunduchi, mrefu hata milango ya nyumba za Ng'ambo ilikuwa imemjaza manundu. Nafasi aliyompa ilikuwa ya Matar.

"Akiingia yeye, mimi natoka," Matar alisema barazani.

"Hutoki wewe, bwana. Miguu yako ndiyo inayotoka."

"Mtoto halelewi kwa wiki moja, Miraji. Mechi Jumapili. Utamwachisha ziwa lini?"

"Na wewe nikikuchezesha mpaka magharibi, tutakuzika lini?"

Mwamvua aliyasikia yote akiwa ndani. Mwaka uliopita goti lilipovimba, Matar alikaa nyumbani kanuna mpaka kuku wakawa wanazunguka nyuma ya nyumba wasipite mbele yake. Akiuacha mchezo kwa hasira, hasira hiyo ndiyo itakayokuwa mume wake.

Jioni, akikanda, akamwambia, "Kitendawili."

"Sina hamu."

"Kitendawili, bwana."

"Haya, tega."

"Babu yangu hatembei, na bila yeye hakuna anayekula."

Matar akafikiri. "Figa."

"Umepata. Na figa bila kuni mpya linaivisha nini?"

Matar akauvuta mguu wake. "Miraji kakutuma?"

"Mimi nnakanda goti tu."

Jumapili alasiri Mwamvua alijitanda buibui lake, akafuatana na jirani yake, Bi Kidawa, kwa kisingizio cha kwenda kuvitazama vikapu vyake. Walikaa ukutani pamoja na wanawake wengine. Vikapu vilikwisha fungwa kwenye pete, vinapendeza, na hakuna aliyeinua kichwa kuchungulia ndani.

Miraji alimwanzisha Silima. Matar aliinama, akafungua kamba za viatu, akavitia kwapani na kuelekea njia ya kutokea, pekupeku. Mwamvua akaona dunia yake inakwenda naye.

Mara Silima akarusha mpira. Ukapanda, ukaingia kikapuni, na haukutoka.

Watu wakangoja. Mwamuzi akatazama juu, akatazama chini, akapuliza kipenga kwa kukosa la kufanya.

"Mwamvua," Bi Kidawa akanong'ona, "usinambie umetia kitako."

"Kwani kikapu bila kitako ni kikapu?"

Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikakizunguka kiwanja. "Wa Kikwajuni leo wamekwenda sokoni," wakadhihaki wa Shangani. Mtu akatumwa kutafuta ngazi.

Silima hakuingojea. Alirudi nyuma hatua chache, akakimbia, akapaa. Kicheko kilikatika vinywani. Mwili ule mrefu ulipanda, na pale watu walipodhani utashuka, ukazidi kupanda, mpaka mikono yake yote miwili ikaingia kikapuni kwa juu, ikauchota mpira kama atoaye maji kwenye mtungi. Akatua nao kimya, akampa mwamuzi kwa adabu.

"Subhanallah," alisema mzee mmoja.

Mwamvua alimtafuta mumewe. Matar alikuwa amesimama njiani, mdomo wazi, uso wake umelainika kama siku alipomwona mwanawe wa kwanza. Kisha akaketi palepale vumbini, akavaa viatu.

"Si umeshatoka wewe?" Miraji akamwuliza.

"Nimerudi. Nitie badala ya Pandu, anayemgawia Silima mpira. Mnampelekea mpira miguuni, mtu anayeishi juu. Nani kamfundisha nani hapa?"

Visu vikaletwa, vitako vikakatwa, mchezo ukaanza upya. Matar hakukimbia. Alisimama mahali pake, akawa anautupa mpira kwenye hewa tupu.

"Anamrushia nani?" Mwamvua akauliza.

"Ngoja," akasema Bi Kidawa.

Na kabla neno halijaisha, Silima alikuwa ameshafika kwenye ile hewa. Tena na tena. Wakongwe wa Mombasa waliinua nyuso zao wakatazama, kama watu wanaotazama mwezi mwandamo. Miaka yote Mwamvua aliukanda mguu, kumbe ufundi wa mumewe ulikuwa kuona mahali ambapo mtu hajafika bado.

Karibu na mwisho goti likakataa. Hakuna aliyemtoa Matar. Aliinua mkono mwenyewe, akamwita Pandu, akatoka akichechemea, akaketi nje.

"Na Jumapili ijayo?" Miraji akamwuliza.

"Mpira niuanzishe mimi, Silima aumalizie juu. Usitutenganishe tena."

Kikwajuni walikuwa nyuma kwa pointi moja. Pandu akaurusha mpira juu kama alivyoona kwa Matar, na Silima akaufuata. Kiwanja kizima kililipuka kwa shangwe, lakini Mwamvua hakuuona mpira ukiingia. Alikuwa akimtazama mumewe, ambaye kwa goti lake bovu, bila kujijua, naye alikuwa ameruka.