Nipe Mji

Usingizi wa mchana haumbishii mzee hodi. Humkuta ladha ya mlenda ingali mdomoni, ukamlaza hapo hapo alipo. Ndivyo unavyomchukua Mzee Chidawali leo, saa nane ya jua kali, amejinyoosha kwenye mkeka barazani kwake, upepo wa mji wao wa Chihembe unammwagia vumbi jekundu hadi kwenye kope. Pembeni yake kuna sinia lenye vikombe viwili vya chai, kimoja chake, kimoja cha marehemu mkewe Perusi, maana tangu mama huyo azikwe nyuma ya ua wa minyaa, mwaka wa pili huu, mzee hajajifunza kupika chai ya mtu mmoja. Jirani yake Sechelela kila akipita huvitazama vile vikombe, husema, Mama Perusi, shikamoo, kisha huenda zake. Heshima nyingine mzee hajaipata katika mji aliozaliwa. Alirudi akidhani mji utamjua, mji haukumjua. Wa rika lake wote wako chini ya udongo, na vijana wakimwambia shikamoo babu, yeye mpaka leo hugeuka kutazama ni babu gani anayeamkiwa. Hawakujaliwa mtoto, yeye na Perusi. Siku akifumba macho, hatabaki mtu wa kusema kwamba mwanamke yule alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu.

Na kule ukutani, mbele ya macho yanayosinzia, iko X ya bomoabomoa. Rangi nyekundu, mistari miwili. Anaijua kazi hiyo kuliko aliyeichora. Miaka thelathini na mmoja huko jijini alibeba ndoo ya rangi nyuma ya wapimaji wa barabara, kidole cha mkubwa kikielekea ukuta wa mtu, yeye huchora, mstari, mstari, twende. Shule aliishia darasa la pili, na hiyo ndiyo herufi pekee ambayo mkono wake huiandika bila kubabaika. Kisha akazeeka, akarudi kwao, akajenga, na Mtendaji wa kata, Mazoya, akaja na ndoo yake. Perusi alichukua brashi ya waya akaenda kuisugua ile alama jua la utosi, akasugua mpaka akaanguka, hakuinuka tena. Msibani Mazoya alikaa kiti cha mbele, akala sahani mbili za pilau, akapangusa mdomo, akasimama. Poleni wafiwa, akasema, ila kaburi msilijengee saruji, hapa ni hifadhi ya barabara. Barabara haijaja hadi leo. Mazoya anaendelea kula. Mzee amelala na maneno hayo kama mtu aliyelalia jiwe, kila ubavu analikuta, na leo anapolitafutia ubavu wa tatu, ile X ukutani inajikunjua, mikono yake minne inafunguka kama mbao za dirisha la duka, na ndani mna njia. Mzee anainama, anapita.

Huku goti lake bovu la kulia haliumi, linalouma ni la kushoto. Na ile barabara iliyomuua Perusi huku imekwisha jengwa, nyeusi, haina mwanzo wala mwisho, upande mmoja wa barabara ni Chihembe na upande wa pili ni Chihembe hiyo hiyo, nyumba kwa nyumba zimetazamana kama watu wanaonyoana. Maandishi ya maduka yamegeuka nyuma mbele, naye hashangai, kwani hata yakikaa sawa huyasoma kwa taabu. Ni X tu ambayo haikugeuka. Anatembea, barabara inatembea naye, nyumba aliyoipita anaikuta tena mbele, na milangoni wamesimama watu ambao nyuso zao zimepigwa lipu, laini, hamna jicho hamna mdomo, na bado wanasema. Mama mmoja anasema, jamani, huyu si ule mkono? Mkono gani, mzee anauliza. Mkono uliokuja kwetu na ndoo, mimi nikiwa na mgonjwa ndani. Mama yangu, mzee anajibu, mimi nilitumwa. Mtaa mzima unacheka, mlango hadi mlango. Katumwa, anasema mama yule, na aliyemtuma naye katumwa, na aliyemtuma huyo yuko safarini, kaeni kwenye benchi mumsubiri. Mzee anataka kukasirika lakini benchi hilo analijua, lile la ofisi ya kata, alilokalia siku tatu kuomba saruji mifuko miwili tu ya kaburi, na siku ya tatu akaambiwa Mtendaji ametokea mlango wa nyuma.

Katikati ya barabara amesimama mtu mwenye fulana ya kung'aa kama ya wapimaji, uso wake nao lipu tupu, mkononi ana ndoo na brashi. Umechelewa, anamwambia mzee. Nimechelewa wapi, mzee anauliza, sikuitwa popote. Aliyerudi kwao baada ya nywele kuwa nyeupe amechelewa, hata asipoitwa, anasema yule mtu. Kitendawili. Tega, mzee anasema, mdomo umejibu wenyewe, kama ulivyokuwa ukijibu jikoni kwa bibi yake. Nimempiga jirani, aliyevimba ni mimi. Mzee anafikiri. Anasema, ngoma. Siyo. Anasema, ulevi. Siyo. Basi nimeshindwa. Umeshindwa, anasema mtu wa fulana, nipe mji. Na hapo ndipo mzee anapofanya kosa ambalo mtoto wa kwao hafanyi, maana mtoto hutoa mji wa mbali, hutoa Mombasa, hutoa Kigoma, mji ambao hata ukichukuliwa hana sufuria yake ndani. Mzee anawaza kiti cha mbele, anawaza sahani mbili. Chukua Chihembe, anasema. Ichukue yote. Mtu wa fulana anaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Nimekwenda Chihembe, anasema, nimekaribishwa, nimepewa kigoda, nimekaa, na jibu lake ni kioo. Lakini mzee hasikilizi, macho yako kwenye ndoo. Hii ni ya nini? Ni yako, anaambiwa. Utakachokitia alama huku, kule hakitabomolewa. Kitakuwa hakikuwahi kuwapo. Hakuna atakayekililia, hakuna atakayekikumbuka ila wewe.

Mzee anaanza na benchi. Mstari, mstari, na benchi halipo, wala sakafu haikumbuki miguu yake minne. Anacheka, kicheko kimekwaruza koo kwa kukosa mazoea. Anavuka hadi nyumba ya Mazoya, ile ya bati la kijani, na mlangoni amesimama Mazoya mwenyewe, na katika mji wote huo yeye peke yake ana uso, wote, na mashavu yake, na macho yake yanayotazama ndoo. Mzee wangu, Mazoya anasema, karibu, kaa tuongee. Sikuja kukaa, nilishakaa siku tatu. Mzee wangu, mimi nililetewa ramani kutoka juu, sikuichora. Na pilau, mzee anauliza, nayo ililetwa na ramani? Mzee anachovya brashi. Kisha anasikia karanga zikimenywa, ta, ta, ta, nyuma yake, ng'ambo ya barabara, na kabla hajageuka anajua. Perusi amekaa juu ya rundo la udongo lenye mawe, ungo mapajani, kitenge chake cha kwendea kanisani, anamenya. Kaburi limeelekeana na mlango wa Mazoya kama jicho na jicho. Mtu wa fulana ameegemea nguzo ya umeme. Jibu nilikupa, mzee, anasema. Kioo. Ukimfuta wa upande huu, wa upande ule haponi. Mzee anasimama katikati ya hao wawili, rangi inamdondokea kidoleni. Mama, anamwambia mkewe, nafanya hili kwa ajili yako. Perusi hainui kichwa. Kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mkono wako, anauliza. Chai inapoa, baba. Na Mazoya, ambaye angenyamaza angepona, anajisafisha koo kwa sauti yake ile ile ya msibani. Mzee wangu, anasema, hata hivyo, pale ni hifadhi ya barabara.

Mstari wa kwanza mzee anauchora kwa roho yake yote, toka juu kulia hadi chini kushoto, na uso wa Mazoya unapigwa lipu nusu, na utamu unaopita mwilini mwa mzee hajauonja tangu ujanani. Basi, anajiambia, yatosha, mstari mmoja si alama. Nyuma yake karanga zinamenywa taratibu, ta, na kimya kirefu, na ta. Anataka kuuteremsha mkono. Lakini mkono huu kwa miaka thelathini na mmoja haujawahi kuacha ukuta na mstari mmoja, haukufunzwa kusimama nusu, na safari hii hakuna kidole cha mkubwa kilichonyooshwa, hakuna wa kumsingizia. Unapanda wenyewe. Unashuka.

Jua liko pale pale. Mzee Chidawali ameketi kwenye mkeka wake, shingo imekauka, goti linalouma ni la kulia, au ndilo alilozoea kuliita la kulia. Ukuta ni mweupe. Anautazama, anafikicha macho, ni mweupe, na kucha zake zina wekundu, na vumbi la Chihembe nalo ni jekundu. Sechelela anakuja kurudisha chekeche. Shikamoo babu. Marahaba, anasema mzee, hivi Mtendaji ameamkaje leo? Mtendaji yupi, anauliza Sechelela. Mazoya. Sechelela anacheka, anajifunga kanga upya. Babu na ndoto zako za mchana, kata yenyewe hii tumeona mtendaji lini, si tunatawaliwa na mbuzi. Mzee anangojea furaha ifike. Inakuja hadi kifuani, inasimama hapo kama mgeni asiyejua aketi wapi. Sechelela ameweka chekeche chini, anatazama sinia. Naona vikombe viwili, anasema, leo una mgeni, babu?

Sechelela anaondoka, kandambili zake zinapiga kisigino mpaka hazisikiki tena. Ua wa minyaa uko nyuma ya mgongo wa mzee, hatua kumi, na upepo unapita huko bila kusema umekuta nini. Hageuki. Ananyoosha mkono, ule ule, anakishika kikombe cha pili, anakisogeza taratibu nyuma yake mpaka ukingo wa baraza, na anakaa akisikiliza kama karanga zitamenywa.