Shimo Kifuani mwa Job

Nyanchera alimwaga chooni damu aliyotema mumewe Job kabla majirani wa ploti hawajatoka, kisha akasugua beseni kwa dawa ya Jik. Wakiiona wangesema TB ya Job imerudi, na mwenye nyumba angewafukuza, kama walivyofukuzwa kule mtaa wa Daraja Mbili.

Lakini TB haikuwa imerudi. Job alikuwa amemeza dawa zake zote, na makohozi yalipopimwa hospitalini hayakuonyesha kitu. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeinua picha ya kifua dirishani akawaonyesha shimo lililoachwa na TB, na ndani yake donge.

"Hiyo ni kuvu," alisema. "Mbegu zake ziko kila mahali hapa Kisii mjini, kwa vumbi, kwa kuta zenye unyevu. Mwenye mapafu mazima hazimdhuru. Kwa mzee zimekuta shimo, zikaota."

"Basi tupe dawa, daktari."

"Ya TB huletwa bure kwa sababu wagonjwa wa TB wanahesabiwa. Wa kuvu hakuna anayewahesabu, mama. Dawa yake hapa hatuna."

Akawaelekeza kwa kemisti. Job alipoambiwa bei alicheka kidogo, kisha akakohoa. Shamba lao la chai kule Gesima walikuwa wameshalikodisha wapate pesa alipougua mara ya kwanza.

Kisha Sista Loice, muuguzi wa kliniki ya TB, akapiga simu. Siku ya TB ingeadhimishwa uwanjani, na Job alikuwa amechaguliwa kuwakilisha waliopona.

"Lakini sista, unajua bado anatema damu," Nyanchera alisema.

"Kwetu sisi amepona. Mje tu. Wakubwa watakuwepo, pengine mtasikika."

Kwa sababu ya hilo la mwisho, walienda. Job alivishwa fulana ya kijani iliyoandikwa kifuani *TB Inatibika*. Ilimning'inia kama imeanikwa kwenye kamba. Mkubwa mmoja wa afya alimshika mkono mbele ya kamera, akamnong'oneza, "Kwa ufupi, mzee. Sema umepona."

Job akapewa kipaza sauti.

"Naitwa Job. TB nilipona," alisema, na watu wakashangilia. Akangoja watulie. "Lakini kuna kitu kingine kimebaki kwa kifua. Inaitwa kuvu, na dawa yake..."

Kikohozi kikamkatiza. Mkubwa akakitoa kipaza sauti mkononi mwake, taratibu, kama anayempokea mgeni mzigo.

"Mzee amelemewa na furaha," akasema. "Tumpigie makofi ya kilo."

Yakapigwa. Nyanchera alisukuma watu apite, askari akamzuia kwa rungu lililolazwa kifuani pake. "Mama, ngoja programu iishe."

"Ni bwanangu."

"Ngoja iishe."

Jukwaani Job alikuwa ameinama, akijifuta mdomo kwa upindo wa fulana. Mpiga picha alimwashiria kwa mkono aishushe, maandishi yaonekane.