Vizibo Kumi Mezani

Vizibo kumi vya chupa vilikuwa mezani, na mwalimu alikuwa amevipanga kama anayepanga ushahidi.

"Hesabu," alimwambia binti yangu.

Mtoto wa miaka mitano, miguu haifiki sakafuni. Akanitazama.

"Usimwangalie mama. Mama hasomi hapa."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeomba ruhusa kazini baada ya kusoma ripoti yake ya chekechea: *Hajui kuhesabu. Arudishwe kwa wadogo.* Mimi ni mtu wa maabara, kutwa nahesabu chembe za damu kwenye hadubini. Namjua anayehesabu na anayebahatisha. Binti yangu alihesabu vifungo, ngazi, hata meno yaliyombakia bibi yake. Ila alihesabu kwa lugha ya bibi, kwa sababu bibi ndiye aliyekaa naye nikiwa zamu.

"Mwache ahesabu kwa lugha anayoijua," nilisema.

"Ile ya kuitia kuku?" Mwalimu alichekea puani. "Mama, wewe si umesoma? Mbona unamrudisha mtoto nyuma?"

"Anayemrudisha nyuma ni wewe. Tena kwa maandishi."

Tukakaziana macho.

"Haya," akasema. "Tumsikie."

Mtoto akaanza. Kidole kwenye kizibo, neno. Kizibo, neno. Alipomaliza sita, akakwama. Saba ya kwetu ni neno refu, lina kona, hata mimi hunisumbua. Midomo ikamchezacheza. Kalamu ya mwalimu ikashuka kwenye karatasi. Nikauma meno; nikimsaidia tu, imekula kwetu.

Neno likatoka. Halikutoka kwa mtoto.

Lilimtoka mwalimu, taratibu, zima, kwa lafudhi ileile ya bibi, pamoja na mvuto wake. Binti yangu akalidaka bila kushangaa, akalirudia, akaendelea mpaka kumi.

Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyecheua mbele ya wageni.

"Kumbe na wewe ni wa kwetu," nilisema.

"Mimi si wa kwenu." Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Niliitwa kuku darasani mpaka nikaisahau hiyo lugha. Unataka na yeye aitwe hivyo?"

"Hujaisahau. Na aliyetaja kuku leo ni nani?"

Aliivuta ripoti, akakata yale maneno kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, akaandika *Anajua*. Hakusema samahani, nami sikusema asante.

Miaka kumi na miwili imepita. Kila ninaposimulia, watu hungoja nifike mahali nilipomsamehe. Hapo sijafika.

Ila nakumbuka tulivyotoka, kwenye ukumbi mrefu uliojaa viatu vidogo, binti yangu aliponivuta sketi.

"Mama, kumbe mwalimu naye ana bibi?"

"Alikuwa naye," nilimjibu. "Tembea, nachelewa kazini."