Boksi la Barafu na Mkono wa Mama Watoto

…lakini hili sufuria la umeme linang'aa jamani, linang'aa mpaka kitambi cha mzee anayelitazama kinaonekana humo vitambi viwili, na muuzaji kasimama na selotepu mkononi anauliza, "Sasa mzee, tufunge lipi?" na yeye atajibuje wakati mke wake kazamisha kichwa ndani ya boksi la barafu, lile la plastiki la kubebea soda, ananusa, kiuno juu, wateja wanampita kwa mbali kama wanapita ajali… "Mama watoto, toka humo, watu wanatutazama," na sauti inamjibu kutoka ndani kama redio iliyotumbukia kisimani, "Waache watazame, watajifunza," duh, mwanamke huyu… na sufuria lina skrini, lina pampu, lina taa ya buluu, muuzaji anasema hata mtoto anapikia bia, na hilo neno limemchoma, maana Jumamosi hata mtoto asingefanya alichofanya yeye, bia nzito, ile ya kulaza wajomba, inataka kimea karibu mara mbili ya bia ya kawaida, yeye akasema si tunataka bia ndoo moja, basi tulowekee kwenye ndoo moja, hesabu ya profesa hiyo! na uji wa kimea ukapanda, ukamwagika, ukaingia sebuleni ukakaa kwenye zulia kama mgeni, uliobaki ukaziba chujio, tone halidondoki, na mke wake hakugomba, afadhali angegomba, alisema tu, "Ikiharibika tena naacha, nitakunywa chai kama wenzangu," chai! mwanamke aliyekuwa akilifunika boksi lao la zamani la kulowekea kimea kwa blanketi kama mtoto mwenye homa ili joto lisitoke, mpaka lilipopasuka, aache?… "Hili hata kwa simu unaliongoza, mama," muuzaji anasema, na kichwa kinatoka boksini, "Na hiyo simu inakoroga?" halafu, Mungu wangu, anakunja mkono wa gauni, anauingiza kwenye sufuria mpaka kwapani, vidole havigusi chini, "Refu, jembamba, kimea chetu chote kitarundikana humu, maji yake matamu yatapita wapi, yaombe ruhusa?" kisha boksini, na mkono unazunguka pembe zote nne, taratibu, kama unatandika kitanda, "Hapa kimea kinalala kwa upana," na yeye anautazama mkono ule, wenye kovu la mvuke karibu na kiwiko, miaka yote amekuwa akiwaambia rafiki zake tunapika bia, tunapika, wewe bwana ulipika nini zaidi ya zulia? na tangu asubuhi anajisifu kwamba amemleta mke dukani, kumbe mke ndiye kamleta yeye, tena kwa ajili ya mgongo wake mpana, na cha ajabu haoni aibu, anajiona kama mtu aliyepata kiti cha mbele kabisa… "Mzee," selotepu inalia krii, "tufunge lipi?" "Unaniuliza mimi? Mimi nimekuja kubeba."