Chemchemi Iliyohama na Wenyewe

Asubuhi ya somo la kwanza, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alipanga viti vya plastiki katika ukumbi wa kambi, akafagia vumbi ambalo lilirudi kabla hajaweka ufagio chini, kisha akabandika ukutani karatasi kubwa yenye kichwa cha somo: Namna ya Kunawa Mikono kwa Nusu Kikombe cha Maji. Mezani aliweka kikombe, beseni na kipande cha sabuni. Sabuni hiyo Bwana Mradi, msimamizi wa kambi, alimwambia airudishe ofisini somo likiisha.

Waliokuja kufundishwa walikuwa watu wa msituni. Vizazi kwa vizazi walikaa huko, hadi walipoambiwa kwamba dunia imepata joto, kwa hiyo msitu uachwe upumue. Wakauliza, mbona siku zote umepumua nasi tukiwa ndani? Hawakujibiwa, walionyeshwa lori. Lori likawashusha kwenye uwanda huu usio na hata kichaka cha kujifichia jua, wakagawiwa nyumba za mabati, na tangu siku hiyo wakaitwa waathirika wa ukame. Chuo kikaombwa kitoe mwanafunzi wa kuwasaidia kuuzoea ukame huo.

Binti huyu aliomba mwenyewe kuja. Mama yake alizaliwa katika msitu ule kabla ya kuolewa mjini, na mama yake mkubwa, mrina asali, alikuwa miongoni mwa walioshushwa. Alimkuta ameketi mlangoni, mizinga yake mitupu imepangwa ukutani kama wageni waliokosa viti. Chuoni hakusema kitu kuhusu undugu huo. Hakuulizwa.

Basi akainua kikombe. "Tunamimina nusu tu," alianza, "tunalowesha viganja..."

Sakafu chini ya meza ikatoka jasho. Saruji ikapasuka taratibu, kama ukoko wa mkate, na maji yakachomoza, baridi, maangavu, yakiwa yamebeba majani mawili matatu ya msituni. Yakajaza ufa, yakazunguka miguu ya meza, yakashika njia ya mlangoni.

Mama mkubwa aliinua miguu yake akaitazama ile chemchemi.

"Imechelewa," alisema.

"Njia ni ndefu," akaitetea jirani yake, mzee mfinyanzi. "Tena imekuja kwa miguu. Sisi tulipanda gari."

"Ndiyo ile yenu?" mwanafunzi aliuliza.

"Yetu na nani? Mama yako aliogeshwa hapo siku aliyozaliwa. Salimia."

"Shikamoo," mwanafunzi aliyaambia maji.

Maji yakapanda hadi kwenye vifundo vya miguu yake, yakatulia. Somo likaendelea. Watu walinawa kwa nusu kikombe kama walivyoelekezwa, kwa heshima ya mtoto wa ndugu yao, wakiwa wamesimama ndani ya maji.

Bwana Mradi alifika akiwa amekunja suruali hadi magotini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutumwa.

"Bomba limepasuka," alitangaza.

"Hapa hapana bomba," mwanafunzi alimwambia.

Bwana Mradi alilijua hilo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiomba bomba na kunyimwa. Akainama, akachungulia chini ya meza, akanusa. Hapo simu yake ikalia, akapashwa habari. Huko msituni, nyuma ya bango lililokataza mtu kuingia, kulikuwa na kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa. Hilo watu wa kambi hawakuwahi kuambiwa. Mitambo ilikuwa imesimama tangu alfajiri kwa kuwa chemchemi haikuwepo. Ilikuwa imeacha shimo safi, kama mtu aliyetandika kitanda kabla ya kuondoka.

Mama mkubwa alisikia kila kitu, kwa sababu Bwana Mradi alikuwa na tabia ya kurudia kwa sauti kubwa kila anachoambiwa kwenye simu.

"Kumbe msitu unapumua kwa chupa," alisema.

Wahandisi wakaja wakaziba ufa kwa saruji. Maji yakatokea nyumbani kwa mama mkubwa, pembeni ya jiko. Wakaziba na hapo. Yakatokea kwa mfinyanzi, naye akawashukuru, maana alikuwa anakaribia kuanza kukanda udongo.

"Maji hufuata mkondo," mhandisi mkuu alilalamika. "Hayafuati watu!"

"Hayo ya kwenu," mama mkubwa alimjibu. "Haya yamelelewa."

Wakabadili mbinu, wakaja na lugha ya upole. Walimwomba mama mkubwa aiambie chemchemi irudi msituni, kwa manufaa ya taifa. Akasema hilo halina shida hata kidogo: wenyewe wakirudi, nayo itarudi, na lori si lipo? Wakamwambia msitu umefungwa. Akawaambia basi, na chemchemi imesikia.

Wiki iliyofuata ilitangazwa ziara ya wageni, wale waliotoa fedha za kambi. Siku moja kabla ya ziara, Bwana Mradi alimwita mwanafunzi ofisini, akafunga mlango.

"Utasimama useme kisima hiki kimechimbwa na mradi. Sentensi moja tu. Wakishapiga makofi, tunaweka uzio na pampu, maji yanarudi kiwandani kwa bomba, kila mtu anafurahi."

"Na watu wa hapa?"

"Watapangiwa zamu za kuchota." Hakumtazama usoni. "Binti yangu, alama zako ziko mkononi mwangu. Na mkate wangu uko mkononi mwao."

Mwanafunzi alikwenda kwa mama mkubwa, akamkuta anafua. Akamweleza yote, akauliza afanye nini.

"Mimi nikufundishe? Wewe ndiye uliyeletwa kutufundisha," mama mkubwa alisema akikamua shuka. Kisha akamhurumia. "Shika ncha ile tukamue. Kesho utasema unachokijua."

Kesho yake wageni waliketi ukumbini, viatu vyao mikononi. Mwanafunzi akasimama. Miguu yake ilikuwa majini. Alimwona Bwana Mradi akimtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Maji haya hayakuchimbwa na mtu," alisema. "Ni ya watu hawa, na yamewafuata kutoka kwao. Hapa hawakuletwa na ukame. Waliletwa na lori. Kwao kuna kiwanda."

Mfinyanzi akaitika, "Naam," na ukumbi mzima ukaitika nyuma yake. Wageni wakatikisa vichwa kwa ustaarabu. Mmoja alitaka kujua kama chemchemi hufuata watu wakiwa wengi tu au hata mmoja mmoja. Wakapiga makofi, wakafuta miguu, wakala, wakaondoka.

Chuo kilimpa mwanafunzi sifuri, kikamtaka arudie mafunzo mahali pengine, penye jamii yenye ushirikiano. Kambi nayo ikakabidhiwa kwa wenye kiwanda, ikawekewa uzio na mlinzi mwenye kirungu. Watu wakaamriwa kuhamia mbali zaidi, kwenye ardhi ya mawe. Geti la msitu halikufunguliwa hata siku moja.

Siku ya kuhama, mwanafunzi alifungasha begi lake. Basi la mjini lilikuwa linamngoja barabarani. Akampa mama mkubwa mkono, akamsaidia kupanda lorini, kisha naye akapanda, akakaa juu ya magodoro. Basi likapiga honi, likachoka, likaenda zake. Nyuma yao mlinzi alizunguka uzio wake kwa uangalifu, akilinda ufa ambao ulikuwa umekwisha kukauka.

Walipofika, kabla vitanda havijashushwa, udongo chini ya lori ukalowa. Magurudumu yakazama hadi nusu. Dereva akashuka, akavua viatu, akaomba watu washuke wasukume.

"Mnajua mtahamishwa tena," Bwana Mradi aliwaambia. Alikuwa amechoka, na suruali yake ilikuwa imelowa.

"Mtuhamishe," mama mkubwa alisema. "Tutawanywesha njiani."

Akashuka, akachota maji kwa viganja viwili, viganja vilivyojaa, akanywa, akamnywesha na mtoto wa mdogo wake. Kisha akachagua jiwe zuri akaketi. Mfinyanzi akaketi. Mwanafunzi akakunja sketi, naye akaketi kando yao. Dereva alihesabu moja, mbili, tatu, akasukuma peke yake.